Pumba na Mawese kwa Farasi wa Katekista

Katekista wa Mushaki aliingiza pua ndani ya gunia langu kabla ya kuniuliza habari za nyumbani. Hiyo ilikuwa kawaida yake. Lori likisimama, mimi nikiwa bado najipangusa tope, yeye alikuwa amekwisha kufungua kamba na kuzamisha uso mpaka masikioni. Akitoka humo, nyusi zimejaa pumba, ndipo aliponiambia, “Iko muzuri. Karibu, Mama. Batoto iko namna gani?” Asiposema iko muzuri, basi hata salamu sikuipata mpaka gunia lirudi garini.

Sikuchukia. Mfanyabiashara anayewachukia wateja wenye vichwa vigumu atakufa njaa. Natoka Kibua, upande wa Walikale, na kazi yangu ni mawese. Nayakusanya kwetu na kule Mubi, nayapandisha Masisi kwa malori, kisha nateremka na viazi, maharagwe na jibini. Pumba za mpunga sikuwa nikiziuza. Kwetu zinatupwa nyuma ya mashine, kuku wanazichezea. Nilianza kuzibeba kwa ajili yake yeye tu, kwa sababu alikuwa na farasi aliyekonda.

Farasi Masisi si wengi. Zamani wenye mashamba makubwa ya ng'ombe waliwafuga ili wayazungukie malisho yao juu ya vilima, na wachache wamebaki. Huyu alikuwa jike wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye doa jeupe puani. Tajiri mmoja alihama akamwacha, katekista akamchukua. Alimhitaji. Makanisa madogo aliyokabidhiwa, ambayo watu huyaita chapeli, yako huko juu, kila moja kwenye kilima chake, na njia zake ni za mbuzi. Kwa miaka mingi nilimwona akipanda huko Jumapili, kanzu yake nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, buti za mvua miguuni, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha.

Hakumpa farasi jina. Nilipomuuliza sababu, alisema jina linatolewa kwenye ubatizo, na yeye hajapewa ruhusa ya kubatiza wanyama. Alimwita “Wewe”, basi. Lakini alilitamka neno hilo kwa sauti ambayo mke wake aliniapia kwamba yeye hajawahi kuisikia, hata siku ya harusi.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtu mgumu. Aliyechelewa ibada alisimamishwa nje, hata kama ni mama mwenye mtoto mgongoni na mvua inanyesha. Sauti ya kuimba hakuwa nayo, lakini kila wimbo aliuanza yeye, na aliuanzia juu mno, mpaka kwaya ikabaki inapiga kelele kama watu wanaofukuza nyani. Mimi ni wa kanisa jingine, kwa hiyo haikunihusu. Nilimwambia tu siku moja kwamba kwetu tungemnyang'anya wimbo. Akanijibu kwamba ndiyo maana kwetu makanisa yanagawanyika kila mwaka. Hapo alinipata.

Na alikula vibaya. Mtu huyu, ambaye baadaye alinihubiria wiki baada ya wiki juu ya kulisha polepole, alikula bugali kama anayekimbizwa. Tonge lilikuwa halijafika kooni na lingine liko njiani. Mke wake alikuwa anasogeza bakuli la mboga mbali kidogo ili wengine nao wapate. Tulimcheka mbele ya uso wake, naye alitikisa kichwa tu, mdomo umejaa, asiweze kujitetea.

Sasa nieleze jinsi farasi alivyokonda. Watu wa Mushaki walikimbia vita, kama walivyokwisha kukimbia mara nyingine, na farasi alibaki huko vilimani bila mtu wa kumlinda wala kumtafutia maji. Waliporudi, katekista alimkuta amesimama kando ya boma lililobomoka, mbavu zinahesabika, mfupa wa mgongo umechomoza. Kila mtu alisema huyo ni wa kuchinjwa. Katekista alimfunga kamba akamleta nyumbani, na hapo ndipo alipofanya kosa, kosa la mtu wa Masisi hasa.

Masisi ni nchi ya ng'ombe. Mtoto wa huko anajua ng'ombe kabla hajajua kusoma. Ng'ombe akikonda hupewa machicha ya pombe ya mtama, na mahindi, na viazi vidogo vilivyobaki shambani, naye atanenepa huku unamtazama. Katekista aliona mnyama ni mnyama. Yeye aliyekuwa akihubiri dhidi ya pombe kila Jumapili alianza kupitia nyuma ya nyumba za akina mama wapika pombe, ndoo mkononi, akiomba machicha. Wakampa kwa furaha kubwa, na habari ikafika kwenye chapeli ya mwisho kabla ndoo haijafika nyumbani.

Farasi aliongezeka mwili, ni kweli. Lakini na moto ulimpanda kichwani. Aliruka kivuli chake mwenyewe. Alipiga teke mlango. Akifungwa, alizunguka mti mpaka kamba ikaisha. Katekista aliona ni nguvu zinarudi, akamshukuru Mungu, na siku ya Jumapili ya Matawi akampanda mbele ya maandamano, watu wote wanapunga matawi na ngoma zinalia. Nilisimuliwa na wengi, na wote walisimulia sawasawa. Farasi alisimama kwa miguu miwili, akageuka, akapita katikati ya kwaya, na katekista akaonekana angani, halafu akaonekana ndani ya shamba la viazi.

“Farasi ya katekista imelewa!” walipiga kelele. Watu wazima walicheka mpaka wakakaa chini. Waliacha kucheka walipoona katekista hainuki.

Ilikuwa nyonga. Huko hospitali walimwambia mfupa umeshikana, lakini mguu huo hautakuwa tena wa kupanda vilima, na akianguka mara ya pili hataamka kitandani. Alirudi nyumbani na fimbo. Padri wa parokia alikuja kumwona, na padri huyo hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa sababu mke wa katekista alimwona mbaya mpaka mwisho. Alikaa, akanywa chai, akasema, “Papa Katekista, bakristu ba kule juu bako peke yao. Minakungojea mupaka Noeli. Kama hauwezi panda, nitatuma ule kijana wa pikipiki.”

Kijana wa pikipiki naye alikuwa mtu mwema, anayejua kusoma Maandiko vizuri. Hakukuwa na adui katika jambo hili. Kulikuwa na mzee asiyeweza kutembea kupanda kilima, na farasi ambaye akikonda hawezi kumbeba, na akinenepeshwa kwa haraka anapata kichaa na atamuua. Alihitaji farasi mnene na mtulivu, vyote viwili, kabla ya Noeli. Bila hivyo, chapeli zinakwenda kwa kijana yule. Na ninavyomfahamu, chapeli zingekwenda, naye angekwenda. Huku chini, nyumbani, alikuwa mzee mwenye nyonga mbovu. Kule juu alikuwa mtu anayengojewa.

Ndipo alipopita daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe. Alimfungua farasi mdomo, akaingiza mkono, akakuta meno ya nyuma yamekuwa makali kama bati, yanakata shavu, kwa hiyo majani yalikuwa yanatemwa kabla ya kutafunika. Akayasugua kwa tupa. Akampa dawa ya minyoo. Kisha akamwambia katekista maneno machache: majani kwanza na majani mwisho, nafaka iache, na kama unataka mwili uongezeke bila kichaa, tafuta mafuta na pumba, kidogo kidogo. Daktari alisema hayo akapanda gari lake. Maneno yake yalikuwa mafupi, lakini katekista aliyageuza kuwa mahubiri ya miezi.

Nilipofika safari iliyofuata, aliningojea barabarani na fimbo yake.

“Mama, kwenu mpunga iko?”

“Iko.”

“Na pumba yake munafanyaka nini?”

“Tunatupaka.”

Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba tunatupa watoto.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika shughuli ile. Mimi nilimletea pumba na mawese, yeye alinipa jibini na viazi. Kumbe pumba si pumba tu. Zile za maganda makavu hakuzitaka, zinachoma koo na hazina kitu ndani. Alitaka zile laini za chini, zenye mafuta yake, zinazoshikana ukizifumbata mkononi. Na hizo laini zina ubaya wake: zikikaa kwenye joto la lori siku nyingi zinachacha. Ndiyo maana ya pua ndani ya gunia. Mara moja lori letu lilikwama kwenye tope, tukalala njiani, na nilipomfikishia gunia alinusa mara moja tu akafunga kamba.

“Iko nakasirika hii,” alisema, maana yake zimechacha.

“Papa, mie sisikii harufu yoyote.”

“Wewe hauko farasi.”

Nilikasirika kweli siku hiyo, kwa sababu gunia lile nililibeba mgongoni mwangu kuvuka daraja lililovunjika. Nilimwambia hata watoto wangu hawakaguliwi chakula hivyo. Akanieleza, kwa utulivu uliozidi kunikera, kwamba mtoto akila kibaya anatapika, na yamekwisha. “Farasi haiwezake tapika, Mama. Kile inameza, njo imemeza.” Maneno hayo aliyarudia kwa kila mtu, kwa muda wa miezi. Aliyasema hata kwenye mazishi moja, sijui kwa nini, na watu walionekana kufarijika.

Alikuwa na misemo mingine. “Ngombe iko na matumbo ine, farasi iko na moja na iko na wasiwasi.” Na ule alioupenda zaidi: “Mahindi inapandaka mu kichwa, mafuta inabakiaka mu mwili.” Asubuhi alimpa majani makavu ya malisho, aliyoyakata mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti kidogo, akisogeza kiti mbele kadiri alivyokata. Aliyachambua kwa mkono, jani kwa jani, akitoa kangaga, yale majani ya mwitu ambayo vichwa vyake hujikunja yakichipua, kwa sababu farasi akiyala kwa wingi anaanza kuyumba kama mlevi. Majani yenye ukungu aliyatupa mbali kabisa. Pumba aliziloweka kwa muda wa rozari moja na litania yake. Mawese alianza na kijiko kimoja cha supu, akangoja, akatazama mavi ya farasi kwa uangalifu ambao sitaueleza zaidi, halafu ndipo akaongeza kijiko cha pili. Chakula hakikubadilishwa ghafla hata siku moja, na hakikutolewa kingi kwa mara moja. Kila alipopita karibu alimpa kidogo, na alijitengenezea sababu nyingi za kupita karibu.

Midomo ya farasi ikawa myekundu kwa mawese. Doa jeupe la pua likageuka la machungwa. Watoto walisema amepakwa rangi ya midomo.

Mke wake alisimama mlangoni siku moja, mikono kiunoni, akaniambia kwa sauti ya kumfikia mumewe, “Unaona, dada? Farasi inakula mawese, mimi nakula Salamu Maria.” Nilimwachia chupa moja ya mawese pembeni. Alipoondoka kwenda kuificha, katekista aliniuliza kwa mnong'ono kama ile chupa ilikuwa ya farasi.

Kwetu Kibua habari hizi zilieleweka kwa namna nyingine. Tunao wazee wanaokwenda kanisani na bado wanazishika desturi za zamani, na kwao mafuta mdomoni si chakula, ni tambiko. Nilipowasimulia kwamba katekista mmoja wa Masisi anampaka farasi mawese, walitazamana, wakasema huyo anajua anachofanya, ila asisahau kusema neno wakati wa kumpa. Nilimpelekea ujumbe huo hivyohivyo. Nilitegemea atakasirika. Akafikiri kidogo, akasema, “Baambie minasemaka. Minasemaka Baba Yetu.” Halafu akaona nacheka, akakasirika.

Nikiwa safarini alinipigia simu. Si kwa salamu. Aliweka simu karibu na mdomo wa farasi, nami nikiwa juu ya magunia, lori linanguruma, nikasikia kitu kama mtu anayekanyaga changarawe.

“Unasikia?”

“Ninasikia nini, Papa?”

“Inatafuna! Inatafuna muzuri, mbele haikukuwa vile!”

Unit zake za simu zikaisha hapo. Abiria wenzangu waliniuliza ni nani, nikasema ni mteja.

Lakini Noeli haimngoji mtu. Mwezi wa kumi na moja ulifika na farasi alikuwa mtulivu kama ng'ombe wa maziwa, ila mbavu bado zilionekana ukimtazama upande wa jua. Watu walianza kumshauri. Hakuna nchi yenye washauri kama nchi yenye mifugo. Wa kwanza alikuwa jirani yake, mchungaji wa ng'ombe, mtu aliyempenda kweli. “Ngoja ngoja inaumizaka matumbo, Papa,” alimwambia. “Avoka iko na mafuta. Si mafuta njo unatafuta?” Ukifikiri, ni neno lenye akili. Na kwa sababu alimpenda, hakungoja ruhusa. Siku katekista alipokwenda parokia, jirani alileta kikapu cha avoka, yaani parachichi, zilizoiva, na juu yake matawi mabichi ya mti wenyewe, akaviweka mbele ya farasi.

Mke wa katekista aliona, akavuta kikapu kwa mguu. Farasi alikuwa amenusa tu. Katekista aliporudi na kuelezwa, alikwenda kwanza kumkagua farasi mdomoni. Aliwahi kuona, kule shambani kwa yule tajiri aliyehama, farasi aliyekula majani ya avoka: kichwa kilivimba, pumzi ikakata, akafa amesimama ameegemea ukuta. Alitoka na fimbo yake mpaka kwa jirani, akamtukana mbele ya watoto wake, maneno ambayo katekista hapaswi kuyajua. Jirani alisimama tu, akisema, “Nilitaka kusaidia, Papa. Nilitaka kusaidia.” Kesho yake katekista alirudi kumwomba msamaha, akala bugali huko, na kwa mujibu wa jirani alimaliza na fungu la mwenyeji.

Hilo ndilo lililonishinda kwake. Uvumilivu aliokuwa nao kwa mnyama ulikuwa mkubwa, na kwa watu haukubaki hata wa kijiko. Nilimwambia. Akasema watu wanaweza kutapika.

Siku chache baadaye niliona kitu ambacho sikukitegemea. Nilifika na mawese nikamkuta nyuma ya nyumba, ameshika ndoo ya mahindi. Farasi ameyasikia yakigonga ndoo, masikio yako mbele, anapiga ardhi kwa mguu. Mke wake alikuwa kando, na ni yeye aliyempa ndoo. “Mupatie,” alikuwa anasema, na sasa hakuwa na mzaha hata kidogo. “Mupatie juma mbili tu. Bale ba kule juu banakungojea. Unataka kufa hapa mu kiti?”

Katekista aliitikisa ndoo kidogo.

“Nikiipatia hii,” alisema mwishowe, “siku ya Noeli niko kule juu. Na siku ya Noeli vilevile niko mu shimo.”

Alimwaga mahindi kwa kuku, yote, kisha akakaa kwenye kile kiti chake kidogo akaanza kuchambua majani. Mke wake aliingia ndani. Mimi nilifungua mawese yangu nikaanza kumpimia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Noeli yenyewe. Sikupanga kuwepo. Mvua ilikata barabara, malori yakapangana Mushaki, na nikaambiwa tutasherehekea hapohapo tukipenda tusipende. Asubuhi nilikwenda kwake. Uani kulikuwa na watu wengi, na padri alikuwa amemtuma kijana wa pikipiki, amevaa shati jeupe, amesimama mbali kwa heshima, akingoja aone kama kuna kazi yake.

Farasi aliletwa. Hakukuwa na mbavu tena. Mgongo ulikuwa umejaa, tumbo la mviringo, manyoya yanang'aa kama kiatu cha mkubwa wa ofisi. Mtoto alipasua puto karibu yake, akageuza sikio moja tu. Watu walinong'ona. Jirani wa avoka alipiga makofi.

Katekista alitoka na kanzu yake ndani ya mfuko. Walimwekea benchi. Alipanda juu ya benchi, akashika nywele za shingo, akanyanyua mguu mbovu. Haukufika. Akajaribu tena. Nyonga haikufunguka, na mgongo wa farasi, kwa miezi ile yote ya pumba na mawese, ulikuwa umepanuka. Mara ya tatu alitoa sauti ndogo, na jasho likamtoka. Kijana wa pikipiki alitazama viatu vyake. Nilijisikia vibaya mno, kwa sababu nilielewa haraka kuliko nilivyotaka: yeye mwenyewe ndiye aliyemnenepesha mpaka asiweze kumpanda.

Alisimama juu ya benchi lile akipumua. Kisha akageuka, akampa farasi mgongo, akajisukuma nyuma mpaka akakaa, miguu yote miwili imening'inia upande mmoja, kama mama anavyokaa nyuma ya pikipiki.

Hakuna mwanaume wa Masisi anayekaa hivyo, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Ukikaa hivyo huna la kubana kwa magoti. Farasi akiruka kidogo tu, umekwenda. Nilingoja kicheko na hakikuja. Farasi alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akatulia. Katekista akamwambia mke wake, “Shika kamba.”

Nilipanda nyuma yao kwa miguu, nikihema, nikijilaumu kwa kula kwangu. Tulipokaribia chapeli ya kwanza walituona, na kama kawaida ya huko walituangukia na ngoma, vigelegele, matawi, watoto wanakimbia mpaka chini ya tumbo la farasi. Nilifumba macho. Nilipoyafungua, farasi alikuwa amesimama katikati yao, midomo ya machungwa, anatafuta jani la kula. Mzee yuko palepale juu yake, ameshika nywele za shingo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unavuta kanzu kutoka kwenye mfuko.

Hakushuka. Wakristo walitoka chapelini wakakaa kwenye nyasi, naye aliongoza ibada yote akiwa pale juu, masomo, mahubiri na maombi, na mahubiri yalikuwa marefu. Mke wake alisimama na kamba mkononi muda wote, hakumtazama mumewe, alimtazama farasi. Mimi nililia. Mimi ni wa kanisa jingine, na sipendi kulia mbele ya watu wasiokuwa wangu, lakini nililia.

Ibada ilipokwisha wanaume walikuja na mikono imenyooshwa ili wamteremshe ale nao. Nyama ilikuwa imekwisha kuiva, tuliisikia harufu.

“Hapana,” alisema. “Nikishuka, sipandi tena. Munipatie hapa juu, nitakula mu njia. Kule ngambo banatungojea.”

Wakampa viazi vya moto ndani ya jani la mgomba, mke wake akavuta kamba, wakaondoka.